Sahani za Dragovets

Unajifanya huoni. Karatasi zimebandikwa kwenye kila mlango, kila moja ina sura ya marehemu na tarehe aliyofariki, nawe unapita umekodolea macho viatu vyako. Usibishe. Wewe na Plamen mnafanana.

Plamen hakutaka kusimama Dragovets. Ila upepo ulikuwa umefunga daraja la mto Danubi, magari hayavuki hadi asubuhi, na mkewe Rumyana alikuwa amechoka kukaa garini.

"Tulale hapa hapa," Rumyana akasema. "Mji mgeni, chumba chenye jiko la kuni. Kuna ubaya gani?"

"Tulale garini."

"Kama mbwa? Tangu unioe unaukwepa mji huu. Una mke mwingine humu, nini?"

Plamen akaliegesha gari, namba ikitazama ukuta.

Mwenye chumba, Bibi Tsena, alikuwa amevaa nyeusi tupu. Mlangoni pake zilibandikwa karatasi mbili: mwanawe na mkaza mwanawe. Rumyana akazisoma kwa sauti, akageukia mlango wa jirani, akasoma na hiyo.

"Wote siku moja! Na tarehe ni ya leo, mwaka tu ndio wa zamani. Plamen, hebu tazama."

Plamen hakutazama.

"Msamehe, bibi. Huyu huogopa hata maziko ya paka." Akamsukuma mumewe mgongoni. "Tangulia basi, shujaa."

"Ni maji," Tsena akasema. "Yaliwakuta usingizini. Wakubwa wakatuambia ni mvua."

Mvua! Usiku ule nyota zilikuwa zimejaa mbinguni. Walioitunga mvua hiyo wakapandishwa vyeo, leo wanakula pensheni, na magazeti yakahamia kwenye mpira. Dragovets haikuhama.

Tsena akafungua dirisha, akaita nje: "Amekuja! Yuko kwangu!"

Jioni haijatulia vizuri, wakaanza kuingia. Hawakubisha hodi, hawakusalimu. Kila mmoja alibeba sahani iliyofunikwa kitambaa, akajipanga ukutani. Mlango ukabaki wazi, na wengine walikuwa bado wanakuja.

Plamen akasimama. "Nimesahau kuzima taa za gari."

"Umezima. Nimeona," akasema mzee mmoja mlangoni, bila kumpisha. "Kaa, bwana. Tumekungoja mwaka mzima."

Vitambaa vikafunuliwa. Ngano iliyochemshwa, chakula cha kuwakumbuka wafu, sukari juu, mshumaa katikati. Harufu ya nta ikajaa chumba. Rumyana alichukua kijiko, Tsena akamshika kiganja.

"Wewe bado, binti yangu. Yeye kwanza."

"Sina njaa," Plamen akasema.

"Haya si mambo ya njaa. Kula, kisha useme yale maneno."

"Maneno gani?"

"Unayajua."

Akala kijiko kimoja. Akainua macho, na kwa mara ya kwanza akawatazama: sura za kwenye karatasi zilikuwa ukutani pale, kwa ndugu waliobaki, pua zile zile, videvu vile vile, zimezeeka.

"Sema, mwanangu," Tsena akasema, taratibu.

"Niliamriwa!" Plamen akapiga kelele. "Bwawa lilikuwa linapasuka, wakaniambia fungua lango la maji! King'ora wakanikataza, watu wasije wakataharuki! Mimi nilizungusha gurudumu tu!"

Kijiko cha Rumyana kikaanguka sakafuni.

Tsena akaiweka sahani mezani, polepole, kana kwamba imekuwa nzito.

"Kila mwaka siku hii tunamlisha mgeni wa kwanza kuvuka kizingiti," akasema. "Anasema 'Mungu awarehemu', anakwenda kulala. Sisi hatukuwa tunakujua."

Wewe uliye karibu na mlango, acha kutazama viatu vyako. Ufunge, asitoke.