Mguu wa Mpigaji

Kwenye kibanda cha kubeti kila mtu aliweka pesa kwa timu itakayoshinda. Mbaruku alishuka hadi chini kabisa ya orodha, kwenye vitu visivyoguswa na mtu: mpigaji wa timu ya bluu atashindwa kupitisha mpira wake wa kwanza kati ya milingoti.

"Kodi yote ya chumba?" aliuliza Zamda wa dirishani. "Mpira wenyewe huu wa Wamarekani unaujua, kaka?"

"Mguu ndio ninaoujua." Alinyooshea kidole runinga, wachezaji wakipasha misuli. "Mtazame anavyokanyaga. Nyonga inamuuma, anaficha."

"Daktari wa runinga huyo!" alidakia mteja mmoja nyuma yake, wenzake wakacheka.

Mbaruku alisukuma noti zake dirishani. Tangu aanguke kwenye jukwaa la ujenzi, kila asubuhi alikanyaga hivyo hivyo mbele ya msimamizi, asije akafukuzwa.

Hatimaye mpigaji aliitwa. Aliigusa nyonga harakaharaka, kama anayejifuta vumbi. Mbaruku akauminya mkeka wake wa kubeti. Mpira uliporuka kuelekea kati ya milingoti, alijikuta amesimama kwa mguu mzima, ule mbovu ameunyanyua.

"Pita," alinong'ona. "Pita, mdogo wangu."