Kiboko Aliyefunga Mdomo

Tulikuwa tumeshaiacha bandari ya Nansio wakati Ngosha, mwenye mtumbwi, alipomwona kiboko matopeni, mtoto wake ananyonya. Akaanza kugonga mtumbwi kwa kasia. Mama akapanua mdomo, mtoto akakimbilia matete.

"Piga picha, babu! Wageni wote wanapenda meno."

"Mimi nataka anavyonyonyesha."

"Kunyonya tu? Nani ataangalia?"

Akainua tena kasia, mpini wake umelainika kwa jasho la miaka. Nikamnyang'anya, nikalitupa majini.

"Mzee una wazimu! Tutarudije?"

"Kwa mikono. Sasa nyamaza."

Kiboko akafunga mdomo. Mtoto akarudi kunyonya. Nikapiga picha.

Tulifika salama, viganja vimechubuka. Ngosha siku hizi mtumbwini anabeba mkaa, si wageni, na shikamoo hanipi. Kiboko na mwanawe wapo palepale. Mimi nimenunua kasia langu, nakwenda kuwapiga picha mwenyewe.