Aliyesimama Chini ya Tao

Tingatinga lilisimama hatua mbili kutoka nguzo ya kushoto ya Lango Kuu, likiguruma kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati wake. Kati ya tingatinga na nguzo alisimama mlinzi wa lango, mikono ameitanua, kofia imemkaa upande.

"Ondoka, mzee," dereva alisema kwa upole. "Mimi natumwa tu."

"Nivunje mimi kwanza!"

"Wewe hujaandikwa kwenye karatasi."

Afisa wa mipango miji alishuka garini. Alikuwa mtu mstaarabu, wa aina ile inayokuvunjia nyumba huku inakuomba radhi. Barabara inapanuliwa, alieleza, na lango limeziba njia. Sheria ingelilinda kama lingekuwa na zaidi ya miaka mia moja. Je, upo ushahidi?

Ushahidi! Mlinzi alichomoa kitabu kwapani. Kiliandikwa na profesa mmoja, marehemu sasa, na kwa miaka ishirini mlinzi alikuwa akiwasomea wageni hadi akakijua kuliko jina lake. Akamwaga yote kwa pumzi moja, maneno yakipiga mluzi penye pengo la jino ambalo nguzo hiyohiyo ilimng'oa utotoni. Kwamba tao lina miaka mia tatu. Kwamba mawe yake ishirini na moja hayakuungwa kwa chokaa hata chembe, bali yanabanwa na lile la katikati, lililochongwa kama kabari. Kwamba siku ya kuondoa mbao zilizolishikilia, mji mzima ulikimbia, ila mjenzi alisimama chini yake, mama yake mgongoni, kuonyesha kwamba halianguki.

"Na mama alikubali?" dereva aliuliza.

"Angekataaje? Alikuwa mgongoni."

Afisa alipekua kurasa. "Hadithi tamu. Lakini profesa aliipata wapi? Hapa chini ameandika tu: 'Tazama daftari langu la safari, namba saba.' Niletee daftari hilo kabla ya saa kumi, nami nitatia saini lango lisiguswe. La sivyo, samahani sana."

Ilikuwa saa nane na nusu.

Mlinzi alipanda ngazi mbilimbili hadi chumba kidogo juu ya tao. Humo alilala mama yake, mwaka wa tatu sasa miguu haimbebi. Hawakuwa na pengine pa kwenda. Chumba kilikuja na kazi, kazi ilikuja na lango; ukichomoa jiwe moja, mengine hayangoji kuambiwa.

"Mama, lango hili lilijengwa lini?"

"Nililikuta, mwanangu. Nilikuwa na mayai ya kuchemsha kichwani, sikuliuliza umri." Alicheka, akakohoa. "Wewe ndiye niliyekuachia biashara hapo chini, ukawa unauza maneno kuliko mayai. Siku moja tu ulirudi na sinia tupu kabla ya adhuhuri. Nikajua umeanguka nalo."

"Mama, sina muda wa mayai!"

"Mbona unatetemeka? Tunahamishwa?"

"Nani akuhamishe wewe?" alisema mlinzi, na akatoka kabla hajaulizwa tena.

Maktaba ya mji ilikuwa mwendo wa nusu saa. Alitumia robo. Mkutubi alikuwa anakunywa chai, na mbele ya chai yake hakuna aliyekuwa na dharura.

"Makabrasha ya profesa hayatolewi bila barua."

"Dada yangu, nakupigia magoti."

"Piga tu. Sakafu imefagiliwa."

Alipiga. Alilia pia, kilio kile kibaya cha mtu mzima, kisicho na mpangilio. Mkutubi akaacha chai na kwenda stoo. Alirudi na boksi lenye vumbi la miaka. Daftari la kwanza. La tatu. La sita. La nane. Mlinzi aliyapanga, akayapangua, akayapanga tena, kana kwamba namba saba lingeona haya na kujitokeza. Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika arobaini. Akaweka paji la uso sakafuni, akakata tamaa rasmi.

Akiwa hapo chini ndipo alipoliona. Lilikuwa limewekwa chini ya mguu wa meza, ili chai isimwagike.

Alilichomoa. Meza ikainama, chai ikamwagika, na laana za mkutubi zikamsindikiza hadi barabarani.

Alipofika langoni, zilibaki dakika mbili na dereva alikuwa ameshawasha. Mlinzi hakupunguza mwendo. Alilirusha daftari, nalo likatua mikononi mwa afisa.

Afisa akasoma kwa sauti, na watu wakasogea. "'Mawe ishirini na moja, bila chokaa. Mbao zikaondolewa. Mjenzi akasimama chini, mama yake mgongoni. Miaka mia tatu sasa.' Kumbe yote yamo!"

Watu walishangilia. Dereva alizima mashine, akavua kofia. Mlinzi aliikumbatia nguzo ya kushoto, akaibusu mbele ya mji mzima bila aibu. Kutoka juu, sauti ya mama yake iliuliza ni harusi ya nani.

Afisa alifungua kalamu. "Nijaze tu aliyemsimulia profesa ni nani, kisha nisaini." Akageuza ukurasa.

"'Nimesimuliwa haya papa hapa chini ya tao na mtoto muuza mayai, asiyezidi miaka tisa. Ilinibidi ninunue sinia zima ndipo amalizie. Hana jino la mbele. Anasema nguzo ya kushoto ilimng'oa juzi.'"

Kalamu ilibaki hewani.

"Mzee, wewe ni mtu wa hapa. Unamjua mtoto huyu?"

Mlinzi alitikisa kichwa kukataa, midomo ameifumba.