Sauti Inatosha

Rasto aliinamisha kichwa mpaka shavu likagusa meza, akamulika tochi ya simu kwenye kioo cheusi cha laptopu. Huko ndani akaiona picha. Hafifu, lakini ipo.

"Mashine ni nzima," alisema. "Imekufa taa ya kioo. Nikibadilisha kioo, itaonyesha tu vizuri."

Fundi huyu huvuka kutoka Busia upande wa Kenya karibu kila siku, sanduku la vifaa nyuma ya pikipiki, akitengeneza simu na redio za watu mpaka Nagongera, ndani ya Uganda. Nyumba hii ya Rubongi ndiyo kwanza aingie. Dorah, mwenye nyumba, alisimama mlangoni na lile tabasamu lake la kanisani. Nyuma, kwenye mkeka, alikaa mama mkwe wake Benedeta.

Rasto akafungua kamera ili aijaribu. Kitaa cha kijani kikawaka juu ya kioo. Alipomulika tena tochi aliiona sura yake mwenyewe, na nyuma ya bega lake akamwona yule bibi akipandisha mkono wa gauni polepole. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba na kuwa mweusi kutoka kiwiko hadi vidoleni.

Loo! Rasto akafunga kamera.

"Na bwana yangu kule Doha," Dorah aliuliza, "yeye Jumapili akipiga, naona sisi?"

"Hakuna kitu anaona," Rasto alijibu bila kugeuka. "Kioo ikikufa, kamera pia inakufa. Ni waya moja."

Dorah alishusha pumzi. Hapo hapo akampigia mumewe, Opendi, simu ikiwa sauti ya juu ili fundi naye asikie. "Fundi nasema kioo imekufa. Natengeneza?"

"Acha tu, Dorah," Opendi alisema. "Gharama ya nini? Sauti inatosha."

Mtoto mpole, huyo Opendi. Laptopu aliiacha yeye Desemba, ili mama yake awe anamwona kila Jumapili. Desemba hiyo hiyo alimwomba mama aweke dole gumba kwenye karatasi ya kuuza shamba la kando ya barabara. Mama akakataa katakata, maana mumewe kazikwa humo. Opendi akasema sawa, Mama, akapanda ndege zake bila hata kununa.

Aliyenuna ni Dorah. Tangu kioo kizimike, bibi hula akikumbukwa, fimbo hakosi, na karatasi ile haitoki mezani. Jumapili ikifika anavalishwa gauni la mikono mirefu na kufinywa ubavuni: sema uko salama. Naye anasema yuko salama. Ulitaka aseme nini?

Dorah alitoka kumletea fundi soda. Rasto akachuchumaa haraka kando ya mkeka.

"Nyanya, nimemdanganya. Kamera iko sawa kabisa. Nyinyi hamumwoni, lakini yeye anawaona. Jumapili usiseme kitu. Mwonyeshe tu."

Benedeta akakumbuka. Jumapili iliyopita Opendi alimwambia, "Mama, hicho kitambaa chako cha kichwa kimechakaa," na Dorah akacheka, akidhani mumewe anakikumbuka tangu Desemba. Kumbe mtoto anaona! Ni hii mikono mirefu tu ndiyo iliyomficha. Bibi akamshika fundi mkono, akaubusu, na siku zote zilizobaki njaa aliisikia kwa mbali.

Jumapili, Dorah aliiweka laptopu mezani, akabonyeza kitufe, akamfinya bibi ubavuni.

"Mama, uko salama?" sauti ya Opendi ikauliza.

Benedeta aliinuka, akasogea hadi mbele ya kile kitaa cha kijani. Akapandisha mkono wa gauni mpaka begani, akanyoosha mkono wake wa kushoto, machozi yakimtiririka.

"Unaonyesha nani, wewe mzee?" Dorah aliangua kicheko. "Hiyo kitu imekufa!" Akaukamata mkono wa kulia, ule mzima, akaubana juu ya meza na kuinua fimbo.

"Dorah!"

Sauti ilitoka kali kwenye kioo cheusi. Fimbo ikabaki hewani. Dorah akaangalia kioo, akaangalia kitaa, na uso ukamsawijika. Benedeta alifumba macho kwa raha. Ameona. Mwanangu ameona, asante Mungu.

"Huo wa kulia usiuguse," Opendi alisema. "Dole gumba bado tunalihitaji."