Harufu ya Jumapili

Asmani alilisukuma sinia ndani ya tanuri kwa koleo refu, akaufunga mlango kwa teke na kurudi nyuma, kama mtu aliyemfungia nyoka chumbani. Mle ndani vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe, iliyokaushwa kwa chumvi na moshi huko misioni, vilianza kuchuruzika mafuta.

Mpishi mwingine angevikaanga na kumaliza upesi. Lakini kikaango hurusha mafuta, na tone moja tu likidondokea kanzu, basi kanzu ioshwe mara saba, na mojawapo kwa udongo. Tanuri halirushi kitu. Asmani hakuwahi kuigusa nyama ile wala kuionja. Kuiva kwake alikujua kwa pua.

Balaa lilikuwa hiyo harufu yenyewe. Ilitoka dirishani, ikateremka ufukweni kwa wavuvi, ikazunguka soko zima la mji wa Rumonge, kando ya ziwa, na kumtangulia msikitini. Huko watu walimwachia nafasi pana kuliko ya imamu. Tangu mkewe afariki, hakuna aliyekula chakula cha mkono wake. Hata binti yake, Mwasiti, alichukuliwa na shangazi Kadidja ili asikose mchumba. Na huyu ni mtu ambaye pilau yake ilikuwa ikisifiwa mpaka Ujiji. Sasa alipika kijungu kidogo, akala peke yake akiutazama ukuta. Upweke ulimuuma saa zote, ila wakati wa kula ulizidi.

Mwajiri wake alikuwa Mdachi, mnunuzi wa mawese na ngozi. Mji ulimwita Bwana Kofia, kwa sababu kofia yake haikuvuliwa hata mezani. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na mambo yake. Kambale hakumtaka hata awe mnono vipi. Samaki wake ni mukeke tu, yule wa ziwani mwenye magamba. Mbuzi na kuku alitaka Asmani awachinje mwenyewe, kwa bismillahi yake. Siku ya nyama, kahawa isitiwe maziwa. Asmani alikwisha kuyazoea hayo yote, maana kila mzungu ana wazimu wake.

Jumapili, hata hivyo, lazima nguruwe. Mara nyingi mabwana wa boma walipita na mashua siku hiyo, wakapanda kutoka ufukweni wakinusa na kucheka, wakampiga Bwana Kofia mgongoni na kukaa kula. Wasipokuja, alijifungia chumba cha kulia yeye na mbwa wake mnene, na baadaye sahani ikarudi jikoni nyeupe.

Juma lile Aruna, baba wa kijana anayemuoa Mwasiti, alifika kwa Asmani. Alisimama nje ya ua, akakataa kiti, akakataa maji. Asmani alimkumbusha ahadi aliyompa marehemu mkewe: pilau ya harusi ya mtoto wao ataipika yeye, si mwingine. Aruna aliinamisha kichwa.

"Asmani, uko ndugu yetu, na mutoto wako tunamupenda," alisema. "Lakini ukiweka mukono mu chungu, watu hawatakula. Acha ile kazi, ao siku ya arusi ukae pembeni."

Kwa hiyo Asmani alimwendea Bwana Kofia, akamweleza habari ya harusi na kumwomba jambo moja: asamehewe nguruwe tu, vingine vyote atapika. Bwana huyo, ambaye hakuwahi kumnyima kitu, alibadilika rangi. Akasema haiwezekani, Jumapili nyumba lazima inuke. Asmani alitoka pale amevunjika moyo. Alishangaa tumbo la mtu mmoja linavyoweza kushinda harusi ya mtoto wa mwenzake, na kwa mara ya kwanza alimchukia.

Leo, basi, alikuwa amekata shauri. Alilitoa sinia, akapakua, akapeleka sahani mezani na kurudi jikoni. Wageni hawakuwapo. Alinawa kwa udongo na maji, akavua aproni, akachukua funguo za stoo na kwenda kuziacha. Hakupiga hodi, mtu anayeacha kazi hana haja ya adabu.

Bwana Kofia alikuwa ameinama chini ya meza. Alikuwa akimlisha mbwa kipande baada ya kipande, kwa uma alioushika kwenye ncha ya mpini, mkono ameunyoosha mbali na nguo. Mezani palikuwa na mukeke aliyepoa, amebakia nusu.

Asmani aliziangalia nyama zile zikiishia mdomoni mwa mbwa.

"Miaka yote hii, Bwana?" aliuliza. "Watu wamekataa kula na mimi kwa ajili ya mbwa?"

Bwana Kofia alinyanyuka taratibu. Alifunga mlango, akachungulia dirishani, kule ziwani mashua za boma zinakotokea, kisha akazipokea funguo na kuziweka kando ya sahani.

"Nenda, kapike arusi ya mutoto," alisema. "Jumapili nitapika mimi. Wale wa boma lazima wanuse, wasiulize."

Asmani alikuwa amekwisha kugeuka aliposikia anaitwa tena, kwa sauti ya chini sana.

"Ila kwanza unionyeshe vile unashika koleo, ile nyama isikuguse. Kwetu sisi Wayahudi, Asmani, nayo iko haramu."