Shoka la Shebe

Tangu Shebe aanze kutundikiwa dawa za saratani, kupasua kuni kulikuwa kazi ya mkewe, Mwanakombo. Katika kijiji kile cha Ufaransa, baridi haikuchagua mgonjwa wala mzima. Kila alipokosea, mumewe alimkemea kutoka dirishani.

"We mwanamke, unapasua kuni au unakata vitunguu?"

"Basi njoo upasue wewe!"

Leo walikuwa wametoka hospitali, na Mwanakombo alikuwa amemlaza Shebe kando ya dirisha. Dirisha aliliacha wazi kidogo, kama Shebe apendavyo, lakini ndani kulikuwa kimya. Mwanakombo akalipiga gogo penye fundo, makusudi. Shoka likanasa. Akasubiri.

"Shebe! Huoni ninavyoharibu?"

Pazia likacheza. Mwanakombo hakugeuka kutazama kama ni upepo. Akalichomoa shoka, akalenga fundo lile lile.