Chupa Iliyonyamaza

Miaka hiyo sheria ilitaka kila chupa ya dawa iseme ukweli wake inapofunguliwa. Mwanakombo alikuwa amenunua vidonge vya chai ya kijani ili apungue kabla ya harusi yake, na kila asubuhi chupa ilimwambia kwa upole, "Utapungua kidogo sana, kama utapungua. Vidonge hivi vimewahi kuumiza maini ya watu."

"Dada, inanikatisha tamaa," alimlilia Tunu, dada yake mkubwa aliyemlea.

Tunu hakuyaweza machozi yale. Alichukua gundi, akaziba kitundu cha sauti. Chupa ikanyamaza, na vicheko vikarudi nyumbani.

Harusi ilipokaribia, macho ya Mwanakombo yakageuka manjano. Hospitalini daktari akauliza, "Kwani chupa haikuwaonya?"

"Mwanzoni ilionya, daktari," Mwanakombo alijibu kwa shida. "Halafu ikanyamaza. Nikajua wamevipima upya, wakaona havina neno."

Daktari akamgeukia Tunu. Tunu akainama, akaanza kuvuta shuka amfunike mdogo wake miguu, ingawa miguu ilikuwa imeshafunikwa.